Mikono Yako Iko Wapi? Venye Abiria wa Nduthi Anafaa Kujishika, Kutoka Embu Mpaka Meru

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umesimama steji ya Makutano pale Meru. Baridi ya mlima inakuingia mpaka kwa mifupa. Nduthi inafika, mnaskizana bei, unapanda. Jamaa anatia gia, na hapo ndio swali linakuja: hii mikono nayo naipeleka wapi?

Umshike kiuno? Ataona aje? Watu wa steji nao watasema nini? Umshike mabega? Uitie mfukoni juu ya baridi? Ama utoe simu, ucheki statasi za watu mpaka ufike?

Huko majuu kuna watu wanaendesha kitu ya stima yenye tairi moja tu. Haina usukani, haina chochote cha kushika, na wanaoanza kujifunza huuliza hilo hilo swali: mikono iende wapi? Wao mikono huwasaidia kukaa wima. Sisi wa nduthi tuna bahati, kuna vitu vya kushika. Shida ni kwamba hakuna mtu alitufundisha tushike nini. Shuleni hatukufunzwa, steji hakuna anayekuambia, na mzazi wako pengine alijifunza kwa baiskeli.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Tulikuwa tunatoka Runyenjes kuingia Embu, mkono moja kwa simu, mwingine kwa mfuko wa hudi. Jamaa hakuwa anapepea hata. Akaona bampu late, akashika breki, nikamgonga mgongo na kifua. Akaachilia breki, akafungua mafuta, nikarudi nyuma na hakukuwa na kitu mikono yangu ingeshika. Nikashuka kwa tako, kiwiko kikachunwa na lami, simu nayo ikapasuka kioo. Nduthi haikuanguka. Ni mimi tu nilianguka. Hiyo ndio ilinifanya nianze kuuliza hii kitu vizuri.

Elewa kwanza nini inakurusha

Ukiwa nyuma ya nduthi, kuna vitu tatu zinakusukuma. Ya kwanza ni breki. Nduthi ikipunguza mwendo ghafla, mwili wako bado unataka kuendelea mbele. Ya pili ni mafuta. Jamaa akifungua, kiti kinaenda na wewe unabaki nyuma. Ya tatu ni kona na mashimo, hizo zinakutupa kando na juu.

Sasa piga hesabu. Nduthi ikienda kilomita 40 kwa saa, inamaliza karibu mita 11 kila sekunde. Ukiangalia simu sekunde mbili, umepita mita 22 bila kuona kinachokuja. Aliye mbele anaona shimo, anaona mbuzi, anaona matatu ikitoka kando bila indiketa. Wewe huoni. Yeye anajiandaa, wewe unashtukizwa. Na yeye anashika usukani kwa mikono miwili. Wewe ukikosa kushika, uko hapo tu kama mzigo ambao haujafungwa.

Ndio maana kazi ya mikono ni kukuzuia kwenda mbele na kukuzuia kwenda nyuma. Pozi haiingii hapo. Na mkono moja pekee hauwezi kufanya kazi zote mbili vizuri.

Mkono moja nyuma, mkono moja mbele

Jibu fupi ni hili. Mkono moja ushike kerea, ile chuma ya nyuma ya kiti. Mkono mwingine umshike mtu wa nduthi kiunoni, kando, pale juu ya mshipi.

Mbona hivyo? Breki ikishikwa, mkono wa nyuma ndio unakuvuta usimgonge jamaa na kichwa. Mafuta yakifunguliwa, mkono wa mbele ndio unakubakisha kwa kiti. Mapaja nayo yabane kiti kidogo, na miguu ibaki kwa vyuma vya kukanyagia safari yote, hata mkisimama kwa foleni. Sasa una vitu vitatu vinakushikilia, na kimoja kikiteleza, viwili vinabaki.

Lakini cheki kerea kabla uiamini. Nduthi nyingi huku zinabeba kila kitu: mitungi ya gesi, magunia ya viazi, ndizi za kwenda Gakoromone, hata kiti ya sofa. Chuma ikibeba mizigo hivyo kila siku, nati zinalegea. Ukipanda, itikise mara moja. Ikicheza, usiitegemee. Shika ukingo wa kiti ama ule mkanda unaopita juu ya kiti kama upo, halafu mkono wa kiunoni ndio ufanye kazi kubwa.

Usishike chuma na vidole viwili kama mtu anashika kikombe ya chai ya wageni. Funga ngumi. Lakini pia usikaze mpaka mkono ufe ganzi, juu ukikaza mwili wote, kila shimo linapanda moja kwa moja hadi mgongoni. Shika imara, viwiko vikunjwe kidogo.

"Lakini mimi sitaki kumshika"

Hapa ndio stori yenyewe iko, na watu wengi huwa hawaisemi. Kuna madame wengi hawashiki mtu wa nduthi kwa sababu wanaogopa ataelewa vibaya. Kuna machali hawashiki kwa sababu wanaona aibu kumshika mwanaume mwenzao kiuno katikati ya tao. Na Embu si Nairobi, buda. Ukipita mbele ya soko ukiwa umemkumbatia mtu wa boda, kabla ya jioni shangazi yako Manyatta ashapigiwa simu.

Tuseme hii kitu waziwazi. Kumshika mtu kiunoni ukiwa kwa nduthi si mapenzi na si kukosa adabu. Ni kama kushika chuma ya juu ukisimama kwa basi. Mtu wa nduthi ambaye anajua kazi yake anapenda abiria anayejishika, kwa sababu abiria anayeyumba ndiye humwangusha. Sema tu kabla mtoke: "Boss, nitakushika hapa kando, sawa?" Atasema "sawa madam" ama "sawa bro," na mambo imeisha. Ukiwa umesema, hakuna anayedhani chochote.

Na kama bado hujiskii, ni haki yako. Basi shika kerea na mikono miwili, moja kila upande, ukae wima. Hiyo pia inafanya kazi, mradi chuma iko imara na jamaa haendi mbio. Kitu kitakusumbua ni pale anapofungua mafuta ghafla, kwa hivyo mwambie mapema aende polepole. Wewe ndiye unalipa.

Sasa upande wa pili. Kuna wale wa kupiga breki makusudi ndio dame alale kwa mgongo wake, halafu anacheka na kioo. Tunawajua. Huo si mchezo. Mwambie mara moja aache, na akirudia, mwambie asimame mahali kuna watu, kama dukani ama petroli steji, ushuke. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inahesabu kumgusa mtu sehemu za siri bila yeye kukubali kuwa kosa, na haijalishi kama ni kwa nyumba, kwa mat ama kwa nduthi. Hiyo sheria inakata pande zote. Abiria pia hana ruhusa ya kupeleka mikono mahali haijaitwa. Kiunoni, kando, basi.

Mahali mikono yako haifai kuonekana

*Mabegani.* Hii ndio watu wengi hufanya, na ni mbaya. Mabega yake yameunganishwa na mikono yake, na mikono yake ndio inaongoza nduthi. Ukimvuta bega la kulia kwa kona, usukani unaskia. Bega ni la kushika wakati wa kupanda na kushuka tu, nduthi ikiwa imesimama, na umwambie kwanza.

*Kwa koti ama riflekta.* Zile riflekta zimeshonwa kuonekana, hazijashonwa kuvuta kilo 70. Ukiivuta, ama inapasuka ama inamnyonga shingo. Koti pia linateleza.

*Mfukoni.* Najua baridi ya Timau na Kibirichia. Mwezi wa saba pale juu vidole vinakuwa kama si vyako. Lakini mkono ulio mfukoni hauwezi kutoka haraka. Nunua glavu za sufi, zinapatikana kwa mitumba na hazimalizi doo. Ukikosa, vuta mkono wa sweta ufunike vidole, halafu shika.

*Kwa simu.* Video ya TikTok ukiwa kwa nduthi inapendeza, mpaka ile ambayo hukupanga kurekodi. Simu iingie mfuko wenye zipu. Kama ni kulipa M-Pesa, lipa mkisimama. Jamaa akikuambia "tuma tu tukienda," mwambie utatuma ukishuka. Na kama ni yeye ameingiza simu kwa helmeti anaongea, mkono wake moja ukishikilia hiyo simu, mwambie asimame amalize. Nduthi haifai kuwa na mikono mitatu kati ya minne iko likizo.

*Kwa mwavuli.* Mvua ya Embu ikianza, haikupi notisi. Lakini mwavuli ukifunguliwa kwa nduthi inayoenda unakuwa tanga la mashua. Upepo ukiushika, utakuvuta wewe ama utaivuta nduthi. Heri ulowe. Na zile nduthi zenye mwavuli mkubwa umefungwa juu, usishike zile nguzo zake kama mhimili. Zimewekwa kubeba turubai, hazijawekwa kukubeba wewe.

*Kwa jaba.* Wasee wa Maua na Kangeta, wasee wa muguka kule Siakago na Kiritiri, hii ni yenu. Mkono moja umeshika kifurushi, mwingine unachuna jani kupeleka mdomoni. Hiyo hesabu inabakisha mikono mingapi ya kujishika? Weka kwa mfuko, funga zipu. Itakungoja.

Mzigo, dera na shosh

Wakati mwingine mikono imejaa kwa sababu ya kweli. Umetoka sokoni na mfuko, ama unarudi kampasi na begi na godoro ya thao mbili. Sheria ya kwanza ni kwamba mzigo ufungwe kwa nduthi, usishikwe na wewe. Watu wa nduthi wana zile kamba za mpira. Muulize. Begi la mgongoni livae mgongoni vizuri, mikanda yote miwili, na ulikaze, juu begi linalocheza linakuvuta nyuma kila mara mkipanda mlima. Kama mzigo ni mkubwa mpaka lazima uukumbatie, mzigo huo na wewe hamfai kwa nduthi moja. Tumia probox, ama mzigo uende peke yake.

Dera, leso na skafu nazo zina hatari yao. Kitambaa kirefu kikiingia kwa mnyororo ama kwa spoku, gurudumu linakivuta na linakuvuta nawe. Kusanya nguo kabla hujakaa, ikunje, ikalie chini ya mapaja. Usipange kuishikilia na mkono njia yote, maana mkono huo una kazi nyingine. Skafu ya shingoni ifunge ndani ya koti.

Na kukaa upande moja, miguu yote ikining'inia kushoto? Huo ndio mtindo wa kina mama wengi, na naelewa sababu, sketi ni sketi. Lakini Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka abiria wa pikipiki akae ametanua miguu, moja kila upande, kwa kiti cha kweli nyuma ya dereva. Ukikaa upande, kitu pekee kinachokuzuia kuteleza ni vidole vyako. Beba leso, uifunge juu ya sketi, utanue miguu, ukae salama. Shosh wako pia mfundishe hivyo, polepole, na mwambie mtu wa nduthi aende mwendo wa shosh.

Sheria hiyo hiyo inasema abiria ni mmoja tu. Tunajua Ijumaa jioni pale Nchiru inakuwaje, makomredi wanne wa MUST kwa nduthi moja kwenda tao. Angalia mikono yao siku moja. Wa pili amebanwa, mikono iko hewani. Wa tatu ameshika nguo ya wa pili. Wa mwisho amekalia kerea yenyewe, ile chuma ambayo alifaa kuishika. Breki moja inatosha kuwashusha wote. Ukifika na ukute hakuna mahali mikono yako itashika, hiyo si nafasi, hata kama ni ya mbao.

Mteremko, kona na vumbi

Barabara ya Embu kwenda Meru inazunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, ikivuka mto baada ya mto. Kila mto unamaanisha teremko, daraja, halafu mlima tena. Hii ndio barabara yenye daraja la Nithi, pale basi lilitumbukia Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafa. Nduthi si basi, lakini teremko ni lile lile, na kuna malori nyuma yako.

Kwa mteremko, mwili unateleza mbele wenyewe, hata bila breki. Hapo ndio mkono wa kerea unafanya kazi ngumu zaidi. Vuta nyuma, kaa mbali kidogo na mgongo wa jamaa, usimlalie. Ukimlalia, uzito wako unaenda kwa mikono yake, na yeye anaihitaji kwa breki. Kwa kupanda mlima ni kinyume: mkono wa kiunoni ndio unashikilia.

Kwa kona, usifanye chochote. Namaanisha hivyo. Nduthi ikiinama, inama nayo. Angalia juu ya bega lake la upande mnaokata, kulia mkikata kulia, mwili utafuata wenyewe. Anayeogopa huinama upande wa pili kuisawazisha, na hapo ndio nduthi inakataa kukata kona.

Ukishuka upande wa Mbeere, Ishiara na kule, lami ikiisha unapata changarawe na vumbi. Barabara ina mawimbi, nduthi inatetemeka kama mashine ya kusaga. Hapo inua tako kidogo, ukisimamia miguu, mikono ikiwa imeshika zote mbili. Magoti yako yameze yale mashimo badala ya uti wa mgongo.

Na nduthi za stima je?

Siku hizi kuna nduthi za umeme zinaingia Kenya, za kina Roam, Spiro na Ampersand. Ukipanda moja mara ya kwanza, kuna kitu kitakushangaza. Ile ya petroli inakuonya: injini inanguruma, gia inaingia, unajua tunatoka. Ya stima haina kelele hiyo, na mota yake inatoa nguvu yote kuanzia mwanzo. Dere akifungua vibaya, umebaki steji. Kwa hivyo kwa nduthi ya stima, mikono ishike kabla hujakaa sawa. Usingoje kuskia sauti.

Ikiharibika

Nduthi ikianza kuteleza kwa matope, usimnyakue mikono na usishushe mguu. Mguu unaoshushwa ndio hubanwa. Kaa na nduthi, shika, mwache afanye kazi yake. Mara nyingi inarudi.

Ikikataa na mnaenda chini, kile kitu mwili unataka kufanya ni kunyoosha mkono uzuie lami. Ndio maana mfupa wa karibu na kiganja huvunjika sana kwa walioanguka. Ukiweza, kunja mikono kifuani, kidevu chini, ujiviringishe. Na hapo ndio utashukuru kama ulivaa helmeti. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Kigali abiria wa moto anapewa helmeti kabla hajakaa, na hakuna anayeona ni maringo. Huku ukiiomba unaambiwa "ni hapa tu karibu." Pale bampu ya Runyenjes pia palikuwa karibu.

Kabla ujipange kupanda

Panda kutoka upande wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi kwa Boxer na TVS nyingi liko kulia, na linachoma mpaka ngozi. Vaa helmeti, ufunge mkanda wake. Simu mfukoni, zipu ifungwe. Nguo ndefu chini ya mapaja. Tikisa kerea. Mwambie jamaa utamshika wapi na mwendo gani unataka. Mkono moja nyuma, mkono moja mbele. Ndio useme, "Twende."

Yote hiyo inachukua chini ya dakika moja. Wakikucheka steji, wacha wacheke. Wewe unaenda kazi ama kuona mathe, na unataka kufika ukiwa na viwiko viwili na simu yenye kioo. Mimi kovu yangu bado iko, kiwiko cha kulia, na kila nikipanda nduthi huwa inanikumbusha mikono inafaa kuwa wapi.